Kifurushi cha kiwanda au fundi wa nje? Jibu kwa mwenye gari dogo la turbo

Msomaji mmoja ameniuliza hivi:

"Fundi, habari za kazi. Nina gari dogo la milango mitano, injini ya lita 1.4 yenye turbo, farasi 140, gia za mkono. Lina miaka 2 na waranti imebaki mwaka mmoja. Nalipenda sana, ila nataka liwe na pumzi zaidi. Wakala wa kampuni ana kifurushi cha kiwanda kinacholifikisha farasi 160. Fundi mmoja wa nje anasema kwa nusu ya gharama hiyo atabadilisha programu ya kompyuta ya injini, ataweka chujio la hewa la wazi na ekzosi pana, nifike farasi 185. Pia ananishauri nilishushe kwa springi fupi. Kwa hesabu ya kawaida fundi wa nje ameshinda. Je, kuna kitu sikioni?"

Salama, ndugu yangu, na ahsante kwa kuuliza kabla ya kulipa. Wengi huniandikia baada ya kulipa, na hapo msaada wangu huwa mdogo.

Usichokiona ni kwamba ofa hizo mbili si za bidhaa moja. Fundi anakuuzia farasi. Kiwanda kinakuuzia farasi pamoja na neno la mtu aliyelijaribu gari zima likiwa na nguvu hizo, na atakayebeba gharama likivunjika. Neno hilo ndilo linalopandisha bei, kwa hiyo ndilo la kupima: ni kwenye kifaa gani unalihitaji, na ni kwenye kifaa gani unaweza kuishi bila hilo? Kwenye injini mimi ningebaki na kiwanda, angalau mpaka waranti iishe. Kwenye matairi, breki na shokamzoba ningekwenda nje bila kusita.

Watu husema "cha kiwanda" na "cha nje" kana kwamba ni koo mbili zisizooana. Sivyo ilivyokuwa. John Cooper alikuwa mtengenezaji wa magari ya mashindano, wala hakuajiriwa na kampuni iliyounda Mini. Ndiye aliyeona kwamba kigari kile kinaweza kukimbia, na Mini Cooper ikatoka mwaka 1961. Injini ilipanda kutoka sentimita za ujazo 848 hadi 997, na nguvu kutoka farasi 34 hadi 55. Lakini angalia kilichoongezwa pamoja nayo: breki za diski mbele, mahali palipokuwa na za dramu. Carlo Abarth naye alianzisha kampuni yake mwaka 1949 akajulikana kwa kuuza ekzosi. Fiat ikainunua mwaka 1971. Hata kifurushi cha Mountune kilichoipandisha Ford Fiesta ST kutoka farasi 182 hadi 215 kilitoka kwa watu wa nje, ila kiliuzwa na mawakala wa Ford na waranti ikabaki palepale. Kwa hiyo usiulize nani aliyekitengeneza kifaa. Uliza kama kilijaribiwa ndani ya gari zima, na nani ameweka saini.

Mfano ninaoupenda zaidi ni kifurushi cha esseesse cha Abarth 500. Kilifika kwa wakala ndani ya kreti la mbao. Nguvu zilipanda kutoka farasi 135 hadi 160, ongezeko linalokaribiana sana na la kifurushi chako. Ukilifungua kreti unakuta programu mpya na chujio la hewa, lakini unakuta pia springi, diski za breki zenye matundu na rimu za inchi 17. Aliyekipanga alijiuliza: gari hili likianza kufika kwenye kona mapema zaidi, litasimama vipi? Fundi wako, kwa maelezo uliyonipa, hajataja breki hata mara moja. Hilo lilinishtua kuliko bei yake.

Sasa tuingie kwenye injini, maana huko ndiko pesa nyingi hupotelea. Kama injini inaweza kutoa farasi 185, kwa nini kiwanda kiliiacha kwenye 140? Kwa sababu kiwanda hakijui gari litaishi wapi. Injini ileile inauzwa kwa mtu wa milimani na mtu wa pwani, kwa wa baridi kali na wa joto kali. Mmoja ataweka petroli ya okteni 98, mwingine 91. Mmoja atabadilisha oili kabla ya wakati, mwingine atasahau mwaka mzima. Hata injini mbili zilizotoka kiwandani siku moja hazilingani sawasawa. Basi wahandisi huweka akiba ya kufunika yote hayo.

Lakini akiba hiyo ni ya aina mbili zilizochanganyika. Ipo isiyohusiana na chuma: toleo la bei ya chini lisilifikie la juu, au gari lisivuke kiwango fulani cha kodi. Hiyo ukiila hupati madhara. Na ipo inayoibeba injini siku ya joto, ukiwa umepakia watu wanne, unapanda mlima kwa petroli hafifu. Fundi wa nje akizitazama namba ndani ya kompyuta hawezi kujua kwa hakika ipi ni ipi. Mhandisi wa kiwanda anajua, kwa sababu aliziendesha injini za majaribio mpaka zikavunjika, akaona zinavunjikia wapi. Farasi 20 wa kifurushi ni ile sehemu ya akiba ambayo aliyeiweka amekubali mwenyewe kuiachia. Farasi 25 wanaofuata wanachotwa kwenye ghala ambalo wewe na fundi wako hamjaingia.

Na tafadhali, usiangalie farasi peke yake. Kinachovunja vitu kwenye magari madogo ya turbo ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha, hasa inapokuja mapema, kwenye mizunguko 1,800 au 2,000 kwa dakika. Chukua Volkswagen Polo GTI ya lita 1.8 iliyoingia sokoni mwaka 2015. Injini moja, farasi 192, iwe ya gia za mkono au ya DSG, giaboksi inayobadili gia yenyewe. Lakini ya gia za mkono ilipewa torki ya niutoni mita 320, na ya DSG ikafungiwa kwenye 250. Kwa nini? Kwa sababu giaboksi ile ya gia saba yenye klachi kavu iliundwa kubeba 250. Injini ilikuwa na uwezo zaidi, kiwanda kikaizuia kwa ajili ya kifaa kilicho nyuma yake. Huo ndio uamuzi ambao mtu anayeangalia injini pekee huufuta kwa dakika kumi na tano za kompyuta mpakato.

Kwako wewe mwenye gia za mkono, wa kwanza kulalamika atakuwa klachi. Dalili yake ni rahisi kuitambua: uko gia ya nne au ya tano, unakanyaga, mshale wa mizunguko unaruka juu lakini mwendo haupandi. Ikifika hapo, ile nusu ya gharama uliyookoa inaanza kurudi ilikotoka.

Kuna hatari nyingine ambayo injini za zamani hazikuwa nayo. Injini ndogo za turbo zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda zina tabia ya kuwaka kabla ya plagi kutoa cheche, zikiwa kwenye mizunguko ya chini na mzigo mkubwa. Mlipuko mmoja wa namna hiyo unaweza kupasua pistoni. Tatizo hili ni zito kiasi kwamba viwango vya oili vilibadilishwa kwa ajili yake: API, taasisi ya mafuta ya Marekani, ilitoa kiwango cha SN Plus mwaka 2018, kisha SP mwaka 2020, vyote vikiwa na kipimo cha kuzuia kuwaka huko. Moja ya mambo yanayochochea kuwaka huko ni wingi wa kalsiamu kwenye sabuni ya oili, ndiyo maana watengenezaji wameigeukia zaidi magnesiamu. Programu inayomwaga torki nyingi kwenye mizunguko 1,800 ili dereva ahisi msukumo inaisukuma injini palepale penye hatari hiyo. Ukibadilisha programu au usibadilishe, soma kopo la oili. Kama kitabu cha gari lako kinaruhusu, tafuta yenye SP.

Mwinuko nao una neno. Kwa kila mita 1,000 unazopanda juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa hupungua kwa takriban asilimia 11. Turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, hufidia kwa kuzunguka kasi zaidi. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya gari la pwani, ikidai shinikizo lilelile ukiwa mita 2,000 juu, inaweza kuizungusha turbo kupita kikomo chake. Kama unaishi juu, muulize fundi ameliwekea hilo kizuizi gani. Kama hana jibu, usiendelee naye.

Chujio la wazi nitalimaliza haraka. Gari lako tayari linavuta hewa ya baridi kutoka mbele kupitia bomba lililofungwa. Ukilitoa ukaweka koni ya wazi chini ya boneti, utasikia mlio mtamu wa turbo, na injini itakuwa inavuta hewa iliyokwisha kupashwa na injini yenyewe. Kila nyuzi 10 za joto zinaipunguzia hewa uzito kwa karibu asilimia 3, na hewa ya moto huifanya injini igonge, yaani petroli ilipuke ovyo ndani ya silinda. Kompyuta ikisikia kugonga huko inachelewesha cheche na nguvu zinashuka. Kuna gari moja la mteja nililowahi kulirudishia kasha lake la kiwanda mbele ya mwenyewe. Kwenye foleni lilichangamka, na mlio ukapotea. Alisikitikia mlio, lakini hakuniomba nirudishe koni. Tena vile vya pamba vinavyopakwa oili, ikipakwa kupita kiasi, huchafua sensa ya kupima hewa na kukuletea taa ya injini kwenye dashibodi.

Kuhusu ekzosi, bomba pana la nyuma kwenye gari la turbo linatoa kidogo. Faida ya kweli iko karibu na turbo, na hapo ndipo ilipo kataliti, ile sehemu yenye masega ndani inayosafisha moshi. Baadhi ya mafundi huiondoa. Usikubali. Mbali na sheria, ambazo katika nchi nyingi zinakataza jambo hilo, moshi unaobaki unaupumua wewe na watoto walio kiti cha nyuma na jirani yako. Hapo sina kona ya kukubaliana na mtu.

Nilisema matairi, breki na shokamzoba ningekwenda nje. Sababu yake ni ileile, imegeuzwa. Kwenye injini, tahadhari ya kiwanda inakulinda. Kwenye vitu vinavyogusa barabara, tahadhari hiyo mara nyingi ni ya kumridhisha kila mtu: tairi linalodumu muda mrefu, lisilopiga kelele, linalookoa mafuta, halafu ndipo linaloshika. Kampuni nzuri ya matairi inaweza kukuuzia linaloshika kwanza, na jaribio lake halihitaji kujua chochote kuhusu injini yako. Tena kifaa kikishindwa kukupendeza unakifungua, unarudisha cha zamani, hakuna kilichopasuka. Matairi manne bora, ya kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa gari, yatalibadilisha gari lako kuliko farasi 45. Nasema hivyo nikimaanisha kila neno. Yatafupisha umbali wa kusimama, yataituliza kona, na yataziweka barabarani zile farasi 140 ulizonazo; kwenye gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele, farasi 185 juu ya matairi ya kawaida hugeuka kuwa moshi na usukani unaokuvuta mkono.

Kisha breki. Nguvu ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi: ukitoka kilomita 100 kwa saa kwenda 120, breki zinapaswa kumeza nishati zaidi kwa asilimia 44, ingawa kasi imeongezeka kwa 20 tu. Anza na mafuta ya breki, kitu rahisi ambacho karibu kila mtu hukisahau. Mafuta mapya ya aina ya DOT 4 huanza kuchemka kwa angalau nyuzi 230, lakini hunyonya unyevu hewani, na yakishanyonya kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka kwenye mteremko, pedeli inazama hadi sakafuni. Gari lako lina miaka 2. Yabadilishe mwezi huu, upate nguvu mpya au usipate. Halafu weka padi bora za barabarani, si za mashindano. Za mashindano zinataka joto ndipo zishike, na asubuhi ukitoka nyumbani zikiwa baridi ndipo mtoto anaweza kukatiza mbele yako.

Springi fupi achana nazo, angalau kwa namna ulivyoshauriwa. Magari madogo mengi yana shokamzoba zilizosimama wima ndani ya springi mbele. Ukilishusha, mikono ya chini inabadili pembe, na kile kitovu ambacho bodi inakizunguka kwenye kona kinashuka haraka kuliko uzito wa gari unavyoshuka. Matokeo yake, kani inayolilaza gari kwenye kona inapata mkono mrefu zaidi. Springi ngumu hulificha hilo kwa kiasi, lakini shokamzoba za zamani hazikupimwa kwa springi hizo, na safari ya gurudumu imekuwa fupi, basi kwenye shimo unagonga mpira wa mwisho na gari linaruka likiwa katikati ya kona. Ukitaka lisimame vizuri zaidi, nunua seti ambayo springi na shokamzoba zimepimwa pamoja, ishuke kidogo sana, na ufanye alaimenti siku hiyohiyo. Au subiri shokamzoba zako zichoke kwanza, maana bado ni changa.

Kuhusu waranti, usidanganywe na maneno "nitarudisha programu ya zamani, hawatajua". Kompyuta nyingi za kisasa huhesabu zimeandikwa upya mara ngapi, na programu ina namba ya uthibitisho inayosomeka kwa kifaa cha wakala. Sheria nazo hutofautiana. Marekani, sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inakataza kampuni kuifuta waranti kwa sababu tu umeweka kifaa cha nje. Sharti kifaa hicho kiwe ndicho kilicholeta hitilafu. Ujerumani gari lenye kifaa kisicho na kibali linaweza kupoteza ruhusa ya kutembea barabarani. Popote ulipo, mwambie wa bima kabla ya kufunga chochote, na upate jibu lake kwa maandishi. Ajali ikitokea, programu isiyotajwa inaweza kuwa sababu ya kukataa kukulipa, na deni la mtu uliyemwumiza linaweza kubaki lako.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, ningeanza mwezi huu na mafuta ya breki, matairi, padi na plagi. Plagi nazitaja kwa makusudi. Kijana mmoja aliniletea gari lililokuwa limetoka kubadilishiwa programu, linakata pumzi kila akikanyaga. Alikuwa tayari kununua turbo mpya. Tatizo lilikuwa plagi zilizochoka: shinikizo limeongezeka, cheche ikazimika kama mshumaa kwenye upepo. Tuliweka mpya zenye pengo dogo zaidi, gari likapona jioni hiyohiyo. Fundi aliyemwandikia programu hakuwa ameziangalia.

Baada ya hapo liendeshe miezi mitatu. Huenda hamu ya nguvu ikapungua, nimeiona ikipungua kwa wengi. Ikibaki, chukua kifurushi cha kiwanda sasa, au subiri waranti iishe uende kwa fundi wa nje ukiwa na macho wazi. Mafundi wa nje wazuri wapo, nawaheshimu, na baadhi yao wameniwekea mikononi magari yaliyopangwa vizuri ajabu. Utawatambua kwa wanavyojibu. Mwulize wako torki itakuwa kiasi gani kwenye mizunguko 2,000, siyo kileleni. Mwulize kama atalipima gari kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu, kabla na baada, mashine ileile, siku ileile, maana namba za mashine mbili hazilinganishwi. Na hao 185 amewapima kwenye magurudumu au amewakadiria kwenye injini, kwa kuwa kati ya hapo na hapo nguvu hupotea kwa asilimia 10 hadi 20. Mwombe nakala ya programu yako ya awali ibaki mikononi mwako. Mwombe pia kumbukumbu ya safari moja ya kukanyaga mpaka mwisho katika gia ya tatu, ikionyesha joto la hewa inayoingia, shinikizo la turbo, na cheche zimecheleweshwa kwa nyuzi ngapi kwenye kila silinda.

Akikubali kukupa faili hilo, nitumie. Nitalisoma safu kwa safu kabla hujatoa hata senti.